Kuutafuta ukoo wa Waskoti wa Ulster: kutoka Carolina hadi Antrim, hatua kwa hatua

Mama mkwe wangu ana Biblia kubwa yenye jalada la ngozi, anaihifadhi ndani ya foronya kwenye kabati la nguo. Kati ya Malaki na Mathayo mna kurasa nne zisizo za Maandiko: majina, ndoa, vizazi na vifo, vyote kwa wino uliogeuka rangi ya chai. Jina la kwanza ni la mtoto wa kiume aliyezaliwa mwaka 1809. Juu yake pako patupu. Nilipouliza waliotangulia walikuwa akina nani, nilipewa jibu ambalo ungepewa na wazungu wengi wa sehemu hizi za North Carolina: "Sisi ni Scotch-Irish," yaani Waskoti wa Ulster. Imeisha. Mimi nimelelewa Nyeri, ambako ukisema umetoka kule utaulizwa kule wapi, mbari gani, na shamba la babu yako liko upande gani wa mto. Jibu hilo halikunitosha. Huu ni mwaka wa nne natafuta.

Najua tuko wengi huku ughaibuni wenye watoto ambao upande mmoja wa ukoo wao unahesabika kwa mdomo vizazi vitano, na upande wa pili umeishia kwenye neno moja. Mwongozo huu ni wa upande huo wa pili. Kabla ya hatua yoyote, shika jambo hili: watu hawa hawakuhama mmoja mmoja. Walihama na kanisa lao, na mashemeji, na jirani wa mpakani. Ukimfuata babu peke yake atakupotea katikati ya bahari. Ukiwafuata majirani zake, mmoja wao atakuwa ameacha alama ya kule walikotoka wote.

Hatua ya 1: Jua unamtafuta nani

Waskoti wa Ulster walitoka nyanda za chini za Uskoti, sehemu kama Ayrshire, Galloway na Lanarkshire, wakavuka kipande chembamba cha bahari hadi Ulster, kaskazini mwa Ayalandi. Mwaka 1606 James Hamilton na Hugh Montgomery walianza kuleta wapangaji katika kaunti ya Down na sehemu za Antrim. Kuanzia 1610 serikali ya Mfalme James ikagawa ardhi iliyonyang'anywa machifu wa Kigaeli katika kaunti nyingine za Ulster. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa maana ya kuwagawia walowezi ardhi ya wenyewe.

Walowezi hawa walikuwa Wapresbiteri chini ya serikali ya Kianglikana. Sheria ya 1704 iliwafungia nyadhifa za umma, na ndoa zilizofungwa na wachungaji wao zilitiliwa shaka kisheria kwa muda mrefu. Mikataba ya mashamba ilipoisha, kodi zikapandishwa. Ukame na mavuno mabaya yakaongezea. Mwaka 1718 meli zikaanza kuondoka na watu kwa wingi kuelekea Marekani, na wimbi hilo lilipanda na kushuka hadi vita vya uhuru wa Marekani vilipoanza mwaka 1775.

Sasa tahadhari ya jina. Neno "Scots-Irish" au "Scotch-Irish" utalikuta kwenye vitabu na kwenye midomo ya wajukuu. Nyaraka za karne ya 18 mara nyingi huwaita Waayalandi tu. Wenyewe hawakupenda. Mwaka 1720 Mchungaji James McGregor, aliyeleta washirika wake kutoka Aghadowey, alimwandikia gavana wa Massachusetts akishangaa kuitwa Waayalandi baada ya yote waliyoyapitia kwa ajili ya taji la Uingereza. Kwa hiyo ukiona "Ireland" kwenye karatasi ya 1750, usidhani mara moja kwamba ni Mkatoliki wa Cork, wala usidhani si yeye. Karatasi hiyo bado haijasema lolote.

Hatua ya 2: Anza nyumbani, na uwe na wasiwasi

Keti na wazee. Usiwaulize ukoo ulitoka wapi, kwa sababu utapewa hadithi. Waulize nani alizikwa wapi, shamba liliuzwa kwa nani, kanisa lilikuwa lipi, shangazi yupi hakuolewa (huyo ndiye mwenye sanduku la picha). Piga picha kila karatasi, mbele na nyuma.

Ukipata Biblia ya ukoo, fungua ukurasa wa jina la mchapaji kabla hujanakili hata tarehe moja. Biblia ya mama mkwe ilichapwa mwaka 1846. Nilipoweka kioo cha kukuzia juu ya ile kurasa ya kwanza, niliona kwamba maingizo yote kuanzia 1809 hadi 1844 yana mkono mmoja, wino mmoja, na hata mteremko uleule wa mistari kuelekea kulia, kama mtu aliyekaa mezani jioni moja akayaandika yote. Kuanzia 1847 mkono unabadilikabadilika. Maana yake aliyeandika mwanzo alikuwa anakumbuka, au ananakili kutoka kitabu kingine ambacho hatunacho. Tarehe hizo ni ushahidi, ila si ushahidi wa aliyeshuhudia.

Kila jina unaloliandika, andika pembeni umelitoa wapi. Niliona kazi hii ni ya karani, nikairuka mwanzoni, nikalipa. Nilichukua mti wa ukoo uliowekwa mtandaoni na mtu nisiyemjua, nikaushikanisha na wetu, nikatumia miezi sita nikipanda kwenye matawi yake. Siku moja nikapiga hesabu rahisi ya kutoa: baba kwenye mti ule alikuwa na umri wa miaka tisa mwanawe alipozaliwa. Miti ya mtandaoni itumie kama tetesi ya sokoni: inaweza kukuonyesha pa kuangalia, basi.

Hatua ya 3: Rudi nyuma kwa sensa hadi ukuta wa 1850

Sensa ya Marekani hufungwa kwa miaka 72, hivyo ya karibuni iliyo wazi ni ya 1950. Nenda kinyumenyume, miaka kumi kwa kumi, bila kuruka. FamilySearch ni bure ukijisajili, na tovuti nyingi za kulipia hupatikana bure ndani ya maktaba za umma.

Yapo mambo machache ya kujua. Sensa ya 1890 karibu yote iliharibika baada ya moto wa Washington mwaka 1921. Ya 1880 inasema kila mtu ana uhusiano gani na mwenye nyumba na wazazi wake walizaliwa wapi, na safu hiyo ya mwisho ni dhahabu: mzee aliyezaliwa Tennessee anaweza kukutajia baba wa North Carolina na mama wa Ayalandi. Ya 1850 ndiyo ya kwanza kumtaja kila mtu huru kwa jina. Kabla ya hapo, kuanzia 1790, anatajwa mwenye nyumba tu, na waliobaki ni vijistari vya kuhesabia: wavulana wangapi, wasichana wangapi, watumwa wangapi.

Hapo ndipo wengi hukwama. Kuvuka 1850 kunataka karatasi za aina nyingine.

Hatua ya 4: Ardhi, kodi na wosia, yaani majirani

Mwanzo kabisa, jua mipaka. Babu anaweza kuishi kwenye nyumba moja miaka 50 na nyaraka zake zikawa katika mahakama tatu. Iredell, kaunti ya mama mkwe, ilimegwa kutoka Rowan mwaka 1788. Rowan ilimegwa kutoka Anson mwaka 1753. Anson kutoka Bladen mwaka 1750. Ni kama wilaya zetu zilivyokuwa zikigawanywa kila uchaguzi ukikaribia. Andika mwaka, kisha uulize: mwaka huo, kijito hiki kilikuwa chini ya mahakama ipi?

Halafu chora barabara. Wengi wao walishukia Philadelphia au New Castle ya Delaware, wakapanda hadi Lancaster na Cumberland, Pennsylvania. Ardhi ilipopanda bei huko, watoto wao wakashuka kusini-magharibi kwa Great Wagon Road, wakipitia bonde la Shenandoah huko Virginia hadi Carolina. Anayetafutwa Rowan mwaka 1765 ana uwezekano mkubwa wa kuwa na karatasi Augusta ya Virginia mwaka 1750 na Lancaster mwaka 1738. Tafuta kwa kufuata barabara hiyo kinyumenyume.

Hati za ardhi zisome zote, hasa pale chini ambapo macho huchoka. Mpaka unaelezwa kwa miti, mawe na majina: "hadi kona ya fulani, kisha kando ya kijito." Huyo fulani ni jirani. Waliotia sahihi kama mashahidi mara nyingi ni shemeji, kaka wa mke, mzee wa kanisa. Mimi nilichukua karatasi ya kuchorea ya mwanangu nikaanza kuchora mashamba moja moja, kila hati ikiongeza kipande. Baada ya hati 14 nilikuwa na kijiji. Na katika kijiji hicho mlikuwa na familia tano ambazo majina yao yaleyale matano nilikuja kuyakuta kwenye orodha ya kodi ya mtaa mmoja wa Cumberland, Pennsylvania, miaka 12 kabla. Babu mwenyewe hakutajwa Cumberland hata mara moja, pengine kwa sababu alikuwa kijana akikaa kwa baba yake. Majirani ndio walionivusha.

Kila koloni lina mitego yake. Pennsylvania kuna hatua tatu za kupata ardhi: kibali cha kupimiwa, upimaji, kisha hati kamili. Kati ya kibali na hati inaweza kupita miaka 40 na watu watatu tofauti, na wengi walijenga bila kibali chochote. North Carolina, nusu ya kaskazini ilikuwa mali ya Lord Granville. Alipofariki mwaka 1763 ofisi yake ya ardhi ikafungwa, na watu hawakuweza kupewa hati mpya za maeneo hayo hadi serikali ya jimbo ilipofungua ofisi yake mwaka 1778. Usiseme babu alifika 1778 kwa sababu hati yake ni ya mwaka huo. Huenda alikuwa amelima hapo miaka 12 akisubiri foleni.

Virginia ilitoa ekari 50 kwa kila mtu aliyeingizwa kolonini, na kudai hizo ilibidi ule kiapo mahakamani. Katika mahakama ya Orange, karibu na mwaka 1740, familia moja baada ya nyingine zilisimama zikaapa kwamba zilitoka Ayalandi kwa gharama zao hadi Philadelphia, na kutoka huko hadi Virginia, zikataja mke na watoto kwa majina. Karatasi kama hiyo ukiipata, pika pilau.

Wosia ni muhimu kwa jambo jingine: kutenganisha watu wenye jina moja. Katika bonde moja unaweza kuwa na akina John watatu wa ukoo mmoja. Watenganishe kwa kijito, kwa jina la mke anayeachilia haki yake shamba likiuzwa, na kwa mkono: yupi anaandika jina lake na yupi anaweka alama. Babu yetu alama yake ilikuwa herufi ya kwanza ya jina la ukoo iliyogeuzwa kinyume. Binamu yake mwenye jina hilohilo aliandika vizuri kama karani. Hapo ukawa mwisho wa ubishi wa miezi miwili.

Na kuna jambo utakalolikuta kwenye wosia hizo ambalo hakuna aliyenionya. Katika orodha ya mali ya mmoja wao, baada ya godoro la manyoya na kabla ya ng'ombe wawili, kuna mwanamke. Jina moja tu, na bei. Nilifunga kompyuta nikatoka nje. Ukoo wa watoto wangu uko kwenye karatasi ile kama mmiliki, na mimi Mwafrika ndiye niliyeifungua. Ushauri wangu ni wa vitendo: nakili majina hayo yote, mwaka, kaunti na jina la mmiliki, uyaweke mahali yanapoweza kutafutwa. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika watu walioachiwa huru kwa majina yao, na wajukuu zao wanaotafuta nyuma ya mwaka huo hawana pengine pa kupita ila kwenye wosia na orodha za mali za familia kama hii.

Hatua ya 5: Faili la pensheni ya askari

Kama babu alikuwa kijana kati ya 1775 na 1783, tafuta pensheni ya vita vya uhuru. Sheria ya 1832 iliwafungulia mlango hata askari wa mgambo, wazee wa miaka 70 na 80, na mahakama iliwauliza maswali yaleyale: ulizaliwa wapi na mwaka gani, una kumbukumbu yoyote ya umri wako, uliishi wapi ulipoitwa vitani na umeishi wapi tangu hapo. Mzee anajibu kwa kirefu. Wengine walichana ukurasa wa Biblia wakauambatisha. Hata kama babu yako hakuomba, soma mafaili ya majirani zake walioomba pensheni au kutoa ushahidi. Jirani mmoja wetu alisema alizaliwa kaunti ya Antrim na kuletwa akiwa mtoto "pamoja na majirani wa wazazi wake". Huyo hakuwa ndugu yetu, ila sentensi yake ilikuwa na thamani kuliko mti wowote wa mtandaoni.

Hatua ya 6: Kanisa

Washirika wa PCEA (Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki) hapa mtajisikia nyumbani, kwa sababu mfumo ni uleule ulioletwa Kenya na wamisionari wa Uskoti: kirk session (kikao cha wazee), wazee wa kanisa, na cheti cha kuhama ushirika. Mtu aliyetoka Ulster alibeba barua kutoka kwa mchungaji wake kwamba ni mshirika mwema asiye na kashfa, akaikabidhi kwa kanisa jipya. Kumbukumbu za vikao, pale zilipobaki, zinataja barua hizo, pamoja na ulevi, ugomvi wa mipaka na mimba za kabla ya ndoa, kwa utulivu mkubwa.

Shida ni kwamba wachungaji wengi wa karne ya 18 waliyaona madaftari kuwa mali yao, wakaondoka nayo. Anza na Presbyterian Historical Society ya Philadelphia, kisha kanisa lenyewe kama bado lipo, kisha makaburi yake. Mawe ya Pennsylvania na Carolina wakati mwingine husema marehemu alizaliwa kaunti gani ya Ayalandi. Tembea safu nzima, si kaburi la kwenu tu. Na ujue walikuwa ni wa tawi gani, kwa maana Wapresbiteri wa kawaida, Waseseda na Wakovenanti kila mmoja alikuwa na vitabu vyake, na hawakusalimiana sana.

Hatua ya 7: Majina

Hapa Mkikuyu ana faida ambayo Mmarekani hana. Mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, wa tatu la baba mwenyewe. Binti wa kwanza alichukua la nyanya mzaa mama, wa pili la nyanya mzaa baba, wa tatu la mama. Tofauti na kwetu iko kwa binti: sisi tunaanza na nyanya mzaa baba. Ukiwa na watoto wa babu kwa mpangilio wa kuzaliwa, unaweza kubashiri majina ya wazazi wake na ya wakwe zake. Ni ubashiri, maana wengine hawakuufuata na watoto waliokufa wachanga hawaonekani, lakini unakupa la kutafuta.

Tahajia isikutese. Karani aliandika alichosikia, na alisikia lafudhi ya Ulster. McIlwaine ni McElwain ni M'Ilwain. Caldwell huonekana Colwell. Johnston na Johnson hubadilishana kila ukurasa. Lisome jina kwa sauti, kisha liandike kwa namna sita. Tafuta na bila Mc.

Tarehe pia zina mtego. Hadi 1752 mwaka wa Waingereza na makoloni yao ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo Februari 1731 ya karani ni Februari 1732 yetu. Ukiona 1731/32, si kosa.

Hatua ya 8: Kuvuka bahari

Orodha ya abiria unayoiota haipo. Pennsylvania iliwaandika Wajerumani kuanzia 1727 kwa sababu walikuwa wageni waliotakiwa kuapa utii. Watu wa Ulster tayari walikuwa raia wa mfalme, hivyo hakuna aliyeshughulika nao. Orodha za abiria zinazotakiwa na sheria ya Marekani zinaanza 1820.

Kilichopo ni njia za pembeni. Ulster ililima kitani kwa ajili ya nguo, na ili uzi uwe laini kitani kiling'olewa kabla mbegu hazijakomaa, kwa hiyo mbegu ziliagizwa Marekani. Meli zilikwenda Derry, Belfast, Newry na Larne na mapipa ya mbegu, zikarudi na watu. Gazeti la Belfast News-Letter, lililoanza 1737, lilitangaza meli hizo pamoja na bandari, jina la nahodha na wakala wa kila mji, na wakala akikuonyesha wapi alikokusanya abiria, amekupunguzia eneo la kutafuta.

Yapo pia makundi yaliyoacha orodha bila kukusudia. Machi 1718 watu 319 wa Ulster walitia majina yao kwenye ombi kwa Gavana Samuel Shute wa Massachusetts wakitaka kujua kama wangekaribishwa. 13 tu ndio walioweka alama badala ya sahihi. Mwaka 1772 Mchungaji William Martin aliongoza Wakovenanti kwa meli tano hadi South Carolina, na majina yao yamo kwenye kumbukumbu za baraza la koloni walipoomba ardhi. Angalia kama majirani wa babu wamo kwenye kundi lolote la namna hiyo.

Hatua ya 9: Ulster, na moto wa 1922

Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la kumbukumbu za taifa la Four Courts mjini Dublin liliungua. Karibu sensa zote za 1821 hadi 1851 ziliteketea, pamoja na wosia na nusu hivi ya madaftari ya Kanisa la Ayalandi, ambalo ni la Kianglikana. Sensa nne zilizofuata serikali yenyewe ilikuwa imeshaziharibu. Zilizobaki kamili ni za 1901 na 1911, ziko mtandaoni bure, ila kwa aliyeondoka 1740 ni kuchelewa mno. Mwaka 2022 ulizinduliwa mradi wa Virtual Record Treasury unaokusanya nakala za vilivyoungua, nao ni bure.

Madaftari ya Wapresbiteri yalikuwa makanisani, yakasalimika, ila machache huanza kabla ya 1800. Na kwa kuwa ndoa za Wapresbiteri zilitiliwa shaka hadi sheria ya 1782, wengine walikwenda kufungia ndoa kwa Waanglikana. Angalia huko pia. Usiyadharau madaftari ya Kianglikana. Falmouth Kearney, babu wa mbali wa Barack Obama upande wa mama, hakuwa Mskoti wa Ulster bali mtoto wa fundi viatu wa Moneygall, kusini zaidi, na ukoo wake ulithibitishwa kwenye vitabu vya parokia ya Kianglikana vilivyohifadhiwa na kasisi wa hapo.

Lengo lako Ulster ni kitongoji, ambacho wao hukiita townland. Ayalandi ina vitongoji zaidi ya 60,000, vingine vya ekari chache. Vitongoji huunda parokia, parokia huunda baronia, baronia huunda kaunti. Ukiwa na kaunti tu, huna kitu bado.

Orodha za kusaka ni hizi, na kila moja ina tabia yake. Za gwaride la wapangaji, karibu 1630. Za kodi ya meko, miaka ya 1660, zikihesabu moshi nyumba kwa nyumba. Ya Waprotestanti wenye nyumba, 1740. Ya kidini, 1766. Ya walima kitani, 1796, ambayo naipenda kuliko zote: aliyelima ekari moja alizawadiwa magurudumu manne ya kusokotea nyuzi, na aliyelima ekari tano kitanda cha mfumi, majina ni karibu 60,000. Kisha vitabu vya zaka vya 1823 hadi 1837, na uthamini wa mashamba na nyumba wa Griffith wa 1847 hadi 1864, ambao ni bure mtandaoni.

Utauliza, Griffith atamsaidia nini mtu aliyeondoka miaka 100 kabla? Chukua yale majina matano ya majirani wa Carolina. Yatafute yote kwenye Griffith, uone ni parokia ipi inayo yote matano. Moja peke yake litakutokea kila mahali. Matano pamoja hayatokei mahali pengi. Kwetu zilibaki parokia mbili zinazopakana, kaskazini mwa Antrim. Kisha zirudie parokia hizo kwenye orodha za 1766, 1740 na za meko.

Ukishafika hapo, ingia kwenye mikataba ya mashamba. Mingi ilidumu kwa "maisha matatu": mkataba uliisha pale wa mwisho wa watu watatu waliotajwa alipofariki, kwa hiyo mpangaji alitaja watoto wake wadogo, akiandika na umri wao. Mingine iko Registry of Deeds ya Dublin, iliyoanza 1708, na mingine katika karatasi za makabaila zilizohifadhiwa PRONI, ghala la kumbukumbu la Belfast.

Hatua ya 10: Vinasaba, kwa kiasi

Mpime mzee kwanza. Mama mkwe ana vizazi viwili zaidi ya mwanangu, na kila kizazi vinasaba vya babu vinapungua nusu. Puuza asilimia za nchi, maana kompyuta haiwezi kutenganisha vizuri Uskoti na Antrim, na hata historia haikutenganisha. Angalia watu mnaofanana. Binamu wa tatu mmoja katika kumi hivi hatakuwa na kipande chochote kinachoonekana, kwa hiyo kutokuonekana hakukanushi undugu. Na vijiji vya bondeni vilioana sana, hivyo wingi wa sentimorgani (kipimo cha vipande vya vinasaba mnavyoshirikiana) unaweza kukudanganya kwamba mtu ni wa karibu.

Kwa ukoo wa kiume, kipimo cha kromosomu Y ndicho chenye nguvu: mpime mwanamume mwenye jina la ukoo, kisha umtafute mwenye jina hilo aliyebaki Ulster akubali kupima. Ombeni ruhusa kwa maandishi. Kipimo kinaweza kufichua baba asiyetarajiwa, na huyo anaweza kuwa bado hai.

Hatua ya 11: Kwenda mwenyewe

Kwenye mtandao utakwama kwenye mikataba ya makabaila, ambayo mingi haijapigwa picha. Hapo ama umlipe mtafiti wa Belfast, ama usafiri. Ukisafiri kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania, kumbuka Belfast iko Uingereza na Dublin iko nchi nyingine: visa mbili tofauti, hata kama mpaka wenyewe huuoni ukiwa ndani ya basi. Kusoma PRONI ni bure ukiwa na kitambulisho chenye picha. Nenda na orodha ya namba za mafaili uliyoiandaa nyumbani, na penseli, kwa sababu kalamu ya wino hairuhusiwi karibu na nyaraka.

Sisi hatujaenda bado. Tuna parokia mbili, majirani watano, na mkataba mmoja wa 1734 ambao kwenye katalogi unataja jina la ukoo na kitongoji, ila hatujauona kwa macho. Mama mkwe amekwisha kuandika jina hilo juu ya lile la 1809. Nilimwomba atumie penseli.